Mwasiti na Waziri Asiyeumwa

Nchi yetu nitaisimulia bila kuitaja jina. Sheria ya Heshima ya Jina la Nchi inamtaka kila anayelitaja awe amesimama wima, na mimi naandika nimekaa. Mniwie radhi. Mgongo wangu si mzuri, na hospitali ya kuupeleka imezinduliwa tu, haijafunguliwa.

Mtaani kwetu alikuwapo msichana aitwaye Mwasiti, binti wa Mwalimu Kipande, mgane aliyetufundishia watoto wetu kusoma. Mwasiti alipoongoza mtihani wa taifa, Serikali iliamua kumpeleka Ng'ambo akasomee udaktari. Ulikuwa uamuzi wa busara. Wakubwa wetu wote hutibiwa Ng'ambo, na ilionekana si vizuri kwamba hakuna hata mmoja wetu anayejua wanafanywa nini wakiwa huko.

Sherehe ya kumuaga ilifanyika uwanjani. Mheshimiwa Feruzi Mabruki, Waziri wa Afya Timilifu, ambaye nyumba yake iko mtaa wetu huu huu nyuma ya geti refu, alihutubia mpaka waliozimia kwa jua wakazinduka na kuzimia tena.

"Mwasiti!" alisema, akitazama upande mwingine kwa kuwa hakuonyeshwa ni yupi. "Nenda Ng'ambo ukaichukue elimu yote! Usiwaachie hata chembe!"

Tulipiga makofi. Kisha akamkabidhi koti la baridi lililoshonwa na mzabuni ambaye hajawahi kuona baridi. Lilikuwa koti zuri sana. Halikuwa na mikono.

Mwalimu Kipande peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ameshika begi la mwanawe kwa mikono yote miwili, na aliendelea kulishika hivyo hata gari la kwenda uwanja wa ndege lilipoanza kuunguruma, mpaka dereva akamwomba aliachie.

*

Ng'ambo ni nchi iliyoendelea. Mwasiti aliligundua hilo asubuhi ya kwanza kwenye kituo cha basi. Alisema habari za asubuhi kwa lugha ya wenyeji, lugha aliyojifunza kwa jasho, na watu waliokuwa kwenye foleni wakasogea mbele kidogo, wote kwa pamoja, kama walioitwa.

Jioni akabisha mlango wa chumba cha jirani bwenini ili ajitambulishe. Kijana mmoja alifungua mlango kwa upana wa pua yake.

"Kuna moto?" aliuliza.

"Hapana."

"Maji yanavuja?"

"Hapana."

"Sasa kuna nini?"

"Kuna mimi," alisema Mwasiti.

Kijana alifikiri. Kisha mlango ukafungwa taratibu, kwa adabu kubwa.

Haukupita muda akatembelewa na Afisa Ustawi wa Wanafunzi wa Kigeni, mama mpole mwenye tabasamu lililoanza na kuisha kwa ratiba.

"Tumepata taarifa kwamba unasalimia," alisema afisa.

"Ndiyo."

"Ulianza lini?"

"Tangu nilipojua kusema."

Afisa akamtazama kwa huruma. "Na katika familia yenu, yupo mwingine mwenye hali hii?"

"Wote," alisema Mwasiti. "Na majirani."

Akapelekwa Idara ya Upweke. Kila taifa lina fahari yake, na Ng'ambo wana idara nzima ya kushughulikia upweke, yenye jengo la vioo na bustani. Chumba cha kusubiria kimejengwa kwa kiti kimoja, ili kulinda faragha ya mpweke. Mwasiti alikaa humo akisubiri. Akaitwa chumba cha pili, ambako mashine ilimuuliza kama anajisikia mpweke. Akajibu kwamba ndiyo, sana. Mashine ikamshukuru kwa ushirikiano wake na kumfungulia mlango wa kutokea, ambao haukuwa ule wa kuingilia, ili wapweke wasikutane.

Msidhani huku nyumbani tulimsahau. Sisi ni watu wenye upendo. Tangu mwezi wake wa kwanza tulikuwa tukimwita Dakta, na tulimpigia simu mara kwa mara. "Dakta, shemeji yangu goti linalia akilikunja." "Dakta, huyu mtoto anakula udongo, ni udongo gani unafaa?" Baba yake alikuwa akianza kwa kusema, "Mwanangu, hapa wamekaa watu wachache wanataka kukuuliza," na simu ikazunguka baraza zima, mkono kwa mkono, mpaka salio likaisha kabla haijamrudia mwenyewe. Mimi nilimuuliza juu ya mgongo wangu. Alinieleza kwa upole na kwa kirefu, na nilifurahi sana. Nilisahau kumuuliza hali yake, lakini sauti ilikuwa ya mtu mzima wa afya.

Simu ilipokatika, Mwasiti alibaki ameketi kitandani akiwa ameishika bado, ina joto la sikio lake mwenyewe.

*

Masomo hayakumshinda. Mwenyeji wa kwanza wa Ng'ambo kumshika mkono alikuwa maiti, mzee mmoja aliyeutoa mwili wake kwa chuo ili wanafunzi wajifunzie. Wenzake walipochukua visu, Mwasiti aliinama akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo." Alikuwa mtu wa umri wa baba yake, na haikumwingia akilini kumpasua bila kumwamkia. Mwanafunzi aliyekuwa kando yake alidhani ametaja jina la msuli. Akaliandika.

Baada ya maiti akaingia wodini, chini ya Profesa Ostelin, bingwa ambaye sifa zake zimejaa vitabuni. Profesa hakutumia majina ya wagonjwa, kwa sababu majina yanachanganya na viungo havichanganyi. "Tuanze na Ini," alikuwa akisema, na wanafunzi wakazunguka kitanda cha mama mmoja aliyekuwa akifuma soksi. "Sasa twende kwa Figo." Mwasiti alimsalimu Figo, akamuuliza ameamkaje. Figo, aliyekuwa mzee wa miraba minne, akaanza kulia. Profesa alimwita Mwasiti pembeni, akamweleza kwa upole kwamba machozi yanaharibu vipimo vya chumvi.

Kuanzia hapo Mwasiti akanyamaza. Alinyamaza vizuri kiasi kwamba Idara ya Upweke ilimtumia pongezi kwa kupona.

*

Mwaka wake wa nne alipigiwa simu na Balozi wetu wa Ng'ambo, Mheshimiwa Kondo. Huyu alikuwa amekaa ubalozini muda mrefu mno, maana Serikali kila ilipotaka kumbadilisha haikukumbuka ilimweka wapi.

"Mwasiti, una bahati ya pekee," alisema Balozi. "Mheshimiwa Waziri Feruzi Mabruki amewasili. Yuko hospitalini kwenu. Utakuwa mkalimani wake."

"Anaumwa nini, Mheshimiwa Balozi?"

"Haumwi! Waziri wa Afya Timilifu ataumwaje? Akiumwa, afya haitakuwa timilifu tena, tutabadili vibao vya wizara nchi nzima. Yuko ziarani."

"Ziara ya wapi?"

"Ya hospitali. Anaikagua akiwa kitandani."

Mambo yalivyokuwa ni haya. Kule nyumbani macho ya Mheshimiwa yalikuwa yameanza kuwa ya manjano, na chama kikamsifu kwa uzalendo, kwa kuwa manjano ndiyo rangi ya chama. Alipoanza kukonda, magazeti yakaandika kwamba anaongoza kwa vitendo katika kubana matumizi. Lakini alipoanza kulia kwa maumivu ya mgongo katikati ya baraza la mawaziri, wenzake waliona ni vema aende Ng'ambo. Wananchi wawili watatu waliuliza kwa nini asitibiwe katika hospitali zake mwenyewe. Msemaji wa wizara akajibu kwamba wahenga walishasema, mganga hajigangi.

Mwasiti alimkuta amelala karibu na dirisha, mwembamba, shuka limemfika kidevuni. Kwa muda hakuamini kuwa ndiye yule aliyewazimisha watu uwanjani.

"Shikamoo, mzee."

Mheshimiwa aligeuza kichwa upesi, kama aliyeitwa kutoka mbali. "Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Sema tena."

"Niseme nini, mzee?"

"Chochote. Tangu nije hapa nimeambiwa maneno kwa vidole tu."

*

Majibu ya vipimo yalipokuwa tayari, Profesa Ostelin alisimama miguuni pa kitanda. Upande mmoja alikuwa Mwasiti, upande wa pili Balozi Kondo akiwa na suti na beji ya bendera. Profesa alizungumza kwa Kingʼambo, pole pole na kwa ufasaha. Alisema ni saratani, imekwisha kufika kwenye ini na kuenea, kisu hakitasaidia, dawa kali zitamtesa bure, na zimebaki wiki chache.

"Mwambie ni uchovu wa kazi," alisema Balozi kwa Kiswahili, akitabasamu.

Mwasiti akamtazama Balozi. Balozi akaendelea kutabasamu kwa ajili ya mgonjwa, huku akisema kwa Kingʼambo, lugha ambayo Mheshimiwa hakuielewa, kwamba ufadhili wa masomo ni mali ya Serikali, na Serikali haijawahi kumfadhili mtu aliyesema waziri wake anakufa.

Mwasiti akamgeukia mgonjwa. "Ni uchovu wa kazi, mzee," alisema.

Mheshimiwa aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja.

"Uchovu?" aliuliza. "Wa kazi ipi, Balozi?"

Balozi hakuwa na jibu lililoidhinishwa. Akasema, "Kazi kwa ujumla, Mheshimiwa."

Siku ile Mwasiti alirudi bwenini akakaa bila kuvua viatu. Hakuwa na mtu wa kumwambia alichofanya. Alifikiria kumpigia baba yake, akakumbuka baraza. Asubuhi alikwenda darasani, akasikia na asisikie. Mchana, wenzake walipokwenda kula, alipanda wodini peke yake, akavuta kiti.

"Mzee, nimekuja kukueleza yale ya jana."

"Nilijua utakuja," alisema Mheshimiwa. "Yule mzungumzaji wao alisema maneno mengi. Nyinyi mkaniletea matatu."

Mwasiti akaanza. Alikuwa amesoma ugonjwa ule ukurasa kwa ukurasa, lakini wote kwa Kingʼambo, na sasa kila neno lilimjia na nguo za kigeni. "Nyuma ya tumbo kuna kitu kimelala, mzee. Umbo lake kama ulimi. Kinasaidia kusaga chakula na kutunza sukari ya mwili. Kimepata saratani."

"Sisi tunakiitaje?"

Mwasiti alitafuta neno. "Sijui, mzee."

"Hata mimi sijui," alisema Waziri wa Afya Timilifu.

Wakatazamana. Mimi nimeangalia kamusi baadaye, kinaitwa kongosho. Lakini pale kitandani hapakuwa na kamusi, na ugonjwa wa Mheshimiwa ukabaki hauna jina.

"Imeenea?"

"Imeenea, mzee."

"Nitapona?"

Mwasiti aliushika mkono wake. "Hapana, mzee."

Mheshimiwa alilivuta shuka mpaka kidevuni. Kisha akauliza jambo ambalo Mwasiti hakulitegemea. "Ile mashine kubwa niliyoizindua nyumbani. Ingeuona mapema?"

"Ingeuona, mzee. Kama ingetolewa kwenye sanduku."

"Nilizindua sanduku," alisema Mheshimiwa polepole. "Nilikata utepe, nikapiga picha na sanduku. Kulifungua kulihitaji sherehe nyingine." Akaanza kucheka, kicheko cha kweli, mpaka maumivu yakamkunja, na Mwasiti ikabidi amshike mabega mpaka yapite.

"Wewe ni mtoto wa wapi?" aliuliza alipopata pumzi.

"Mtaani kwako, mzee. Ile nyumba ya bati jekundu kabla ya kufika kwako. Baba yangu ni Mwalimu Kipande."

"Sijawahi kuiona."

"Vioo vya gari lako ni vyeusi, mzee."

Mheshimiwa aligeukia dirishani. "Nirudisheni nyumbani," alisema.

*

Balozi alipofikishiwa ombi hilo alikasirika kwanza, kwa kuwa aliyeumwa hakutakiwa kujua. Kisha akapeleka habari nyumbani, na jibu likaja haraka ajabu. Mheshimiwa anakaribishwa sana kurudi. Ila Utaratibu wa Mapokezi unasema waziri atokaye ziarani hushuka ngazi za ndege kwa miguu yake, akipunga mkono. Ataruhusiwa kusafiri mara tu atakapoweza kushuka na kupunga.

Wakampeleka kwenye ngazi za hospitali kufanya mazoezi. Mwasiti alimshika kiuno, Balozi akasimama chini kama wananchi. Mheshimiwa alishuka ngazi ya kwanza. Akainua mkono kupunga, mkono ukafika usawa wa sikio na kubaki hapo. Akakaa chini pale pale kwenye ngazi, katika gauni la hospitali lililofunguka mgongoni. Wenyeji waliokuwa wakipita walimkwepa kwa adabu.

"Mheshimiwa, jaribu tena," alisema Balozi, lakini hakungoja ajaribu. Akapanda, akavua koti la suti, akamfunika mgongo.

Taarifa aliyoituma nyumbani ilisema mazoezi yanaendelea vizuri.

Kuanzia hapo Mwasiti alikuja kila alasiri baada ya vipindi. Hakuna aliyemtuma, na ukalimani haukuhitajika tena, maana Profesa hakuwa na jambo jipya la kusema. Alimkata kucha. Alimlowesha midomo. Siku nyingine walikaa tu, wakitazama mvua ya Ng'ambo, ambayo hainyeshi wala haiachi. Mwasiti alishangaa kujikuta akiingoja saa hiyo tangu asubuhi. Alikuwa anakwenda kumwona mtu anayekufa, na njiani alikuwa akitembea haraka.

Wakati mwingine alimsomea habari za nyumbani kwenye simu yake.

"Leo umetembelea kiwanda cha baiskeli, mzee."

"Nilikuwa na hali gani?"

"Umeandikwa mchangamfu."

"Alhamdulillahi," alisema Mheshimiwa.

Siku moja alimtajia namba ya simu, tarakimu moja moja, kwa kuikumbuka kwa shida. "Ni ya mke wangu, Chausiku. Namba pekee ninayoijua kwa kichwa. Balozi ameambiwa nisipige; na hata ningepiga, nitamwambia nini? Kila siku anaambiwa niko kiwandani. Nikishaondoka mpigie wewe. Usimwachie redio kazi hiyo."

"Nitampigia, mzee."

"Na wewe huku una nani?"

"Nina wewe, mzee," alisema.

Mheshimiwa akatikisa kichwa. "Basi huna mtu, mwanangu."

*

Mheshimiwa Feruzi Mabruki alifariki asubuhi, wakati Mwasiti akiwa kwenye mtihani wa mdomo. Profesa Ostelin alimuuliza juu ya kiungo kile kile: kimelala wapi, mishipa ipi inakilisha, saratani yake huenea njia gani. Mwasiti alijibu yote bila kusita. Alipata alama ambazo hazijawahi kupatikana na mgeni. Profesa alimpa mkono, akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Halafu, Kongosho la dirishani limeondoka."

Alipofika wodini, kitanda kilikuwa kimetandikwa. Dirisha lilikuwa limefunguliwa ili chumba kipate hewa.

Ngazi za ndege zikawa kikwazo tena, kwa kuwa utaratibu haukutaja waziri anayeshushwa. Ikaamuliwa azikwe huko huko, kimya, kesho yake. Imamu wa msikiti mdogo wa mjini, Balozi Kondo na dereva wa ubalozi walimwosha, wakamvika sanda, wakamswalia. Mwasiti alisimama nje ya lango la makaburi, amevaa lile koti lisilo na mikono juu ya sweta, akiwatazama kwa mbali wanaume watatu wakishughulika na udongo mgumu wa baridi.

Walipomaliza, Balozi alitoka akasimama mbele ya Mwasiti na dereva, akakohoa, akasoma tamko la Serikali: "Mheshimiwa Waziri ameamua kuongeza muda wa ziara yake kwa manufaa ya taifa. Wananchi wawe watulivu."

Dereva hakujua afanye nini, akapiga makofi mara moja, akaacha.

Balozi alikunja karatasi. "Mwasiti, umeelewa? Usimpigie mtu yeyote. Ukipiga, ufadhili wako sitaweza kuutetea." Hakuondoka. Alikuwa akitazama viatu vyake vilivyojaa udongo. "Mimi nina miaka yangu hapa," alisema. "Wakati mwingine najiuliza, mimi watasema niko ziara gani."

Mwasiti akampa pole. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile neno hilo kutamkwa.

*

Alasiri hiyo, chumbani kwake, akapiga.

"Nani mwenzangu?" iliuliza sauti ya mama.

"Shikamoo, mama. Naitwa Mwasiti. Niko Ng'ambo."

"Marahaba. Mwasiti wa Mwalimu Kipande?"

"Ndiye mimi, mama."

"Ameshaondoka?" aliuliza Bi. Chausiku.

Mwasiti alikuwa ameandaa maneno, akakuta hayahitajiki. "Tangu jana asubuhi, mama. Tumemzika leo."

"Nilijua. Wiki iliyopita gazeti lilisema amepanda mti kwa mkono wake, ameinama. Mume wangu halijui jembe, na kiuno kile hakijainama miaka. Nikasema, huyu wanayemtembeza siye." Akavuta pumzi. "Nani alimwosha?"

Mwasiti akamwambia. Akamwambia juu ya imamu, sanda, dirisha, kucha, kicheko. Hakumwambia habari za ngazi. Bi. Chausiku alisikiliza yote, na kila mara alisema "eeh" ili Mwasiti ajue yupo. Mwishoni akauliza:

"Na wewe hapo uko na nani?"

"Niko peke yangu, mama."

"Umekula?"

Mwasiti aligeuka akaitazama sufuria yake tupu. Miaka yote ile tulikuwa tumemuuliza habari za magoti, na mafua, na mgongo wangu.

"Umekula, mwanangu?"

"Bado," alisema, akaanza kulia.

"Lia, halafu upike. Usikate simu. Iweke hapo mezani. Mimi nakwenda kulia huku, majirani wataingia, utatusikia. Hukai peke yako na msiba."

Ndivyo ilivyokuwa. Na haya naweza kuyashuhudia, maana sauti ya Bi. Chausiku ilivuka geti na sisi sote tukaja. Tulitandika mikeka sebuleni. Wengine walileta viti, wengine masufuria. Hakuna aliyeuliza kama msiba umeruhusiwa. Simu iliwekwa juu ya meza ndogo katikati, sauti imefunguliwa hadi mwisho, na kila aliyeingia alionyeshwa kwa kidole: yule ni Mwasiti, yuko na sisi. Mwalimu Kipande alifika akiwa na kandambili za kuogea. Akakaa sakafuni karibu na meza, na hakumuulizia mtu ugonjwa.

Redio ya ukumbini ilikuwa ikiendelea, kwa kuwa sheria yetu inakataza kuizima wakati wa taarifa ya habari. Ikasema Mheshimiwa Feruzi Mabruki, mwenye afya njema na uchangamfu, leo ametembelea bustani ya maua.

Mimi ni raia mtiifu. Nimesimama kila nilipotakiwa kusimama, hata kwa mgongo huu. Sijui kilichonipata. Niliinuka, nikaenda ukumbini, nikaizima.

Nyumba ikawa kimya. Hata waliokuwa wanalia walinyamaza, wakinitazama. Ndipo tukasikia, kutoka mezani, sauti ndogo ya kijiko kikigonga sahani. Kikanyamaza. Kikagonga tena.

"Anakula," alisema Mwalimu Kipande.